Twiga wa Chuma Nyuma ya Ploti Yetu

Nilihama Kibera, kule Soweto East, kwa sababu ya harufu, na katika mtaa wa Gatina nikakuta harufu nyingine inanisubiri. Ploti niliyopanga ilikuwa ya mawe, ya ghorofa, yenye geti la chuma. Nyuma yake palikuwa na kipande cha ardhi ambacho watoto walikiita fildi. Walicheza kati ya kurushiana mpira na bano za gololi hapo, na wadogo wakacheza kalongolongo, wakipika chakula cha matope.

Matope yenyewe yalitoka kwetu. Bomba la mabafu ya ploti nzima lilipenya ukuta wa nyuma likaishia hewani, na kila kitu kikamwagika pale: maji ya kuoshea dagaa wa omena, povu, nywele. Choo cha chini kikifurika, yalitoka mengine ambayo nikiyaandika sitakula leo. Si bomba peke yake. Niliona kwa macho yangu nepi iliyofungwa kwenye karatasi ikirushwa kutoka dirisha la juu, ikaangukia katikati ya watoto wanaocheza. Mwenye kuitupa alifunga dirisha polepole, kama mtu aliyemaliza sala.

Kwa hivyo watu wa mradi mmoja wa viwanja vya michezo walipokuja kututangazia kwamba fildi itajengwa upya, na kwamba sisi wakazi ndio tutakaoamua itakavyokuwa, nilifunga mapema kibanda changu cha kushona kule kwenye steji ya 56 nikaenda mkutanoni. Nilienda na jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa mapacha wa kike, Mjaluo asiyejua kunong'ona.

Tulikutana katika kanisa la mabati. Aliyetuongoza alikuwa binti mpole, mwenye buti nyeupe za mpira zisizo na doa. Alitugawia vikaratasi vya rangi vinavyonata, akasema kila mtu aandike ndoto yake kuhusu kiwanja, kisha abandike ukutani. Mama pacha aliandika, "Bomba litolewe." Mimi pia. Ukuta ulipojaa, bomba lilikuwa kila mahali, kwa kila mwandiko.

Binti aliusoma ukuta, akatabasamu.

"Asanteni sana. Sasa tusikwame kwenye matatizo. Hebu tufikirie: kiwanja hiki kingekuwa mnyama, kingekuwa mnyama gani?"

Tulitazamana. Mtu nyuma akasema twiga.

"Fisi," akasema mama pacha.

"Kwa nini fisi, mama?"

"Kwa sababu anakula mavi na bado anacheka."

Kanisa zima liliangua kicheko. Binti naye alicheka, akaandika: twiga. Tukapewa chai na mandazi, tukapigwa picha tumeshika penseli za rangi kama watoto wa nasari.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na hema na viti vyenye riboni. Mwenye ploti alikaa mbele, karibu na wageni, akashukuriwa kwa kutoa ardhi ambayo hata si yake. Twiga alisimama pale kweli, wa chuma, rangi ya manjano, shingo yake ikiwa ndiyo mtelezo. Chini ya shingo walikuwa wamemwaga mchanga mweupe kufunika uchafu. Niliinua macho ukutani. Bomba halikuwa limetolewa. Walikuwa wamelipaka rangi. Ukutani walichora kichwa cha ndovu, na bomba likawa mkonga wake.

Pacha mmoja alichaguliwa kufungua mtelezo. Nilikuwa nimemshonea gauni jeupe kwa ajili ya siku hiyo. Wakati hotuba zikiendelea, mtu juu alikuwa anafua, kwa hivyo ndovu alitema kimyakimya na mchanga ukanywa. Mtoto alipanda, akateleza akicheka, akazama mpaka kiunoni katika mchanga uliolowa.

Wageni walipiga makofi. Walidhani ni maji ya mchezo. Kisha harufu ikafika hemani, makofi yakakatika, na mpiga picha akaendelea kupiga.

"Yawa! Mtoto wangu!"

Tulimvuta mimi na mama yake. Binti wa mradi alikuja mbio, akamimina maji yake ya kunywa juu ya uso wa mtoto.

"Niliwaambia wakubwa wangu," alininong'oneza. "Wakasema pesa ni ya michezo, si ya mabomba."

"Ungetuambia sisi," nikamjibu.

Nyuma yetu nilimsikia mwenye ploti akisema kupitia leso yake, "Hawa hata uwape nini, hawawezi kuishi kama watu."

Mtoto aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Alipoanza kukaa mwenyewe na kuomba uji, mama yake alikuja kwangu amebeba magunia na saruji. Tukaenda nyuma ya ploti, tukamziba ndovu mkonga wake.

Nilijua maji machafu yatarudi, lakini sikujua yatarudi vile. Yalipanda kwenye bafu letu la chini, meusi, yakaingia korido, yakapita chini ya milango. Godoro langu lilinywa. Wapangaji walitutukana, na yule wa nepi akashuka ngazi amekunja pua, akauliza nani aliyetutuma. Tulikataa kuzibua. Wa ghorofa ya chini walianza kutoa vyombo vyao nje, wakisema wanahama, na habari hiyo ndiyo iliyomleta mwenye ploti. Alikuja na viatu vya ngozi, akalazimika kukanyaga.

"Mmeniharibia nyumba!"

"Hatujaharibu," mama pacha akamwambia. "Tumekurudishia mali yako."

Juma hilohilo alileta vijana wakachimba mtaro, bomba likaunganishwa na laini ya maji taka barabarani. Kumbe iliwezekana tangu zamani. Hilo ndilo lililonichukiza kuliko godoro.

Fildi ilipokauka, watu wa mradi walirudi na kamera. Binti alinikuta kibandani, akasema wangependa nieleze jinsi ushiriki wa wakazi ulivyoleta mabadiliko. Hakuniangalia usoni aliposema.

"Unataka niseme tulishiriki vipi?" nikamuuliza. "Kwa penseli au kwa saruji?"

Alikaa kidogo kwenye stuli ya wateja, akasema pole, akaondoka. Baadaye nilisikia walimpata mtu mwingine wa kuzungumza, mpangaji wa juu, mwenye sauti nzuri.

Watoto wanateleza sasa, na miguu yao hubaki mikavu wakifika chini. Pacha yule hapandi. Hukaa kando na kumshikia dadake viatu, na nikimuuliza kwa nini, hunitazama kama mtu mzima aliyeulizwa jambo la kijinga.