Kichwa Kilichopungua Kwenye Penseli

Nimefundisha katekisimu hapa Butembo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kwa umri huu uongo haunifai kitu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimekunywa chai tu.

Kazi yangu nyingine ni kuchora sura. Familia huniletea foto ndogo ya marehemu, namkuza kwa penseli ili awekwe mbele ya watu kwenye matanga. Kanuni naijua: macho hukaa katikati ya kichwa, si juu kama wanaoanza wanavyodhani. Kati ya jicho na jicho panaenea jicho lingine. Masikio huanzia kwenye nyusi, huishia chini ya pua.

Siku hiyo ukungu ulishuka hadi barazani. Kijana mmoja akaja akaketi kwenye benchi, viatu vyake vimejaa tope bichi.

"Papa, unichore. Mama hana foto yangu hata moya."

Nikamwuliza jina. Akasema Kakule. Hilo lilinisaidia nini? Kwetu kila mtoto wa nne wa kiume ni Kakule.

Nikanyoosha mkono, nikafunga jicho moja, nikapima kichwa chake kwa penseli.

"Unanipima sawa fundi wa sanduku ya maiti," akasema. Tukacheka wote wawili.

Nilianza na macho. Nilipopima tena ili nipate kidevu, kichwa kilikuwa kifupi kuliko mwanzo. Nikadhani mkono umechoka. Nikapima tena, kimepungua tena. Utasema alisogea. Angesogea wapi? Benchi imeegemea ukuta, na viatu vyake vilikuwa karibu kugusa vyangu. Macho yalibaki katikati, pua mahali pake, ila vyote vilipungua pamoja, kama mtu anayekwenda mbali barabarani.

Sikio la kushoto tu ndilo lililokataa kanuni. Lilianzia chini ya jicho. Nikalifuta, nikalipandisha.

"Hapana rekebisha, papa. Mama ananijua na hiyo sikio."

Nikalirudisha. Nilipopima mara ya mwisho, kichwa kilitosha kwenye ukucha wangu. Nikainama kutia kivuli chini ya kidevu. Nilipoinua macho, benchi ilikuwa tupu, na tope lipo chini.

Kesho yake akaja mama mmoja nisiyemjua. Mwanawe wa nne wa kiume alikwenda shambani upande wa Mangina, watu wenye silaha wakaingia huko, na hakurudi, wala maiti haikupatikana. Familia imechoka kungoja, inataka kuweka matanga. Alikuja kuniuliza kama naweza kuchora mtu kwa kuambiwa tu. Kabla sijajibu, akaiona karatasi ile niliyoibandika ukutani. Akaweka kidole kwenye sikio lile.

"Muzee, huyu ulimuona wapi?"

"Alikaa hapa, mama. Jana."

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana."

"Donc, basi, iko muzima. Mutu alikufa hawezi kukaa kwa benchi na kucheka."

Sala za marehemu nazijua kwa moyo, na za wasafiri pia. Sikujua nianze zipi.

Alikataa matanga. Ile sura imo sebuleni kwake, na kila jioni anaweka sahani ya bugali mbele yake. Shemeji zake hawanisalimu tena. Yeye, akitoka misa, ananishika mkono: alivaa koti? alisema atapita tena? Namshukuru Mungu kwa subira aliyonipa, maana jibu hakunipa. Nikimwombea Kakule, namwomba Bwana amweke mwenyewe upande wake, wa walio hai au wa marehemu.

Wewe unayechora, nisikilize. Mgeni akiketi mbele yako, mwulize kwanza anatoka wapi na anakwenda wapi. Uliza kabla hujamwekea macho. Ukishayaweka, utamaliza tu, na mama yake atakuja kukuuliza wewe.