Kucheka Kabla ya Kuganduka

Tangu tumzike mume wangu nilikuwa situlii. Chakula nilikula nimesimama, mlango niliufunga kisha nikarudi kuujaribu. Sokoni Rumonge nilikuwa nataja bei ya mawese, halafu naipunguza mwenyewe kabla mteja hajafungua mdomo. Kwa mchuuzi kama mimi, huo ni ugonjwa tosha.

Muuguzi alinipima tansiyo, presha ya damu. Nikamwomba arudie. Ilikuwa juu mara zote mbili. Akanipa vidonge, akaniambia pia niende ufukweni asubuhi, kwenye kikundi cha yoga ya kicheko. Huko watu wanavuta pumzi na kucheka kwa makusudi, hata kama hakuna cha kuchekesha. Mwili unalegea, usingizi unarudi.

"Dakika ishirini kila siku," akasema.

"Weka tano."

"Mama, hapa hatuuzi ndizi."

Tukapatana kumi.

Shida ni kwamba tulikuwa bado hatujaganduka. Kwetu, mpaka siku familia itakapokutana kuvua msiba, mjane hacheki watu wakamsikia. Na mama mkwe wangu alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni hapohapo.

Asubuhi ya kwanza nilicheka kama mwizi, mkono mdomoni. Wenzangu walipiga makofi, ha-ha, ho-ho. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vichanja vya ndagala. Nikamwona mama mkwe anainuka. Anakuja.

"Hii ni nini?"

"Dawa, mama. Muuguzi ndiye amesema. Tansiyo iko juu."

"Na isiposhuka?"

"Mtagawana mapipa yangu ya mawese."

Hakucheka. Alinitazama mpaka nikaanza kupangusa mchanga usiokuwepo kwenye kanga.

"Nimeshazika mutoto," akasema. "Wewe sitakuzika, nguvu sina. Cheka. Lakini toa huo mukono. Unacheka kama mutu iko na mwiba kooni."

Kikanitoka kicheko cha kweli, kibaya, kikageuka kilio katikati, kikarudi kuwa kicheko. Yeye alinipa mgongo, akasimama kati yangu na barabara, ili wapita njia wamwone yeye kwanza. Kila aliyepunguza mwendo alipata salamu kavu ya "amahoro", akaendelea na safari yake.

Nikamwambia arudi, kunguru wanamaliza ndagala.

"Wacha wale," akasema, na hakusogea.