Kichwa cha Akiba

Asubuhi ile ya mwisho walikunywa chai kama siku zote. Mume alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mke amesimama, maana yule mama hakuwahi kukaa kunywa chai. Alikunywa funda moja, akashona kidogo, akanywa jingine. Jikoni birika la pili lilikuwa linachemka, si la chai, la kofia. Mvuke wake ndio uliolainisha kila kofia iliyopita katika nyumba ile.

Kofia ya siku hiyo ilikuwa ya mkuu wa bendi. Nyekundu, ndefu kama ndoo, ina kamba ya kidevuni na rundo la manyoya meupe juu. Ilikuwa imenyeshewa kwenye gwaride, ikalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mke akaipiga mvuke, akaikanda, akainyoosha, kisha akageuka kutafuta kichwa cha kuikaushia. Vichwa vyake vya mti vyote vilikuwa kazini. Kimoja kimevaa tarbushi, kimoja kofia ya baharia, kingine kofia ya pama ya mchunga ng'ombe wa kwenye maigizo. Basi akamvika mumewe. Hakumwomba. Angemwombaje, na mwenyewe alikuwa ameshanyoosha shingo, kikombe mkononi?

Mtaani mke aliitwa Mama Vichwa, na mume aliitwa Akiba, yaani kichwa cha akiba. Hakuchukia jina hilo. Kuna watu huitwa mabaya zaidi na hawakaushi chochote.

Mama Vichwa akamfunga kamba kidevuni, akamwambia maneno mawili matatu ya kazi, akasema kiuno kinamsumbua, anakwenda kujinyoosha kidogo. Akaingia chumbani. Akiba akabaki dirishani na manyoya yake. Chai ikaisha, akangoja. Birika likakauka, likaanza kunuka, akaenda kuzima moto. Ndipo akachungulia chumbani kuuliza kama kofia imekuwa tayari, akakuta hakuna wa kumuuliza.

Jirani wa kwanza kufika alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili. Alimkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika mkono wa marehemu, kichwani manyoya yananesa. Fundi viatu alitaka kulia, kikamjia kicheko, akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo na huyo huyo mfiwa.

Kisha akaja dada wa marehemu, mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Shemeji, vua hicho kitu. Watu wanaingia."

"Sijaambiwa."

"Uambiwe na nani?"

Akiba akamwonyesha kitandani kwa macho. Shemeji yake akanyamaza, jambo ambalo ukoo mzima haukuwahi kulishuhudia.

Katika nyumba ile kofia haikuvuliwa kwa kukisia. Ikivuliwa ingali mbichi hujikunja upande mmoja, na ikishakaa upande hairudi tena, hata uifanyeje. Na ubichi wake haujulikani kwa kupapasa. Mama Vichwa aligonga kofia kwa ukucha wa kidole cha kati, akategesha sikio, akasikiliza. Kofia mbichi ilijibu kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Iliyokauka ilijibu kama kibuyu kitupu. Akisikia anachotaka husema, "Haya, vua." Miaka yote ya ndoa yao Akiba hakuwahi kuvua kabla ya kugongwa. Siku jiko liliposhika moto alitoka mbio na godoro mgongoni na kofia ya bibi harusi kichwani, shela limemfunika uso. Akakaa barabarani juu ya godoro hadi mkewe alipomaliza kuzima moto, akaja, akamgonga. Wapita njia walimpa pole kwa kuachwa siku ya harusi.

Hata kuoana kwao kulianza na kofia. Akiba alikuwa mchukuzi wa magunia sokoni. Siku moja mwanamke asiyemjua akamsimamisha na gunia lake begani, akamzungushia kichwani utepe wa kupimia. Akiba akadhani ni mtu wa majeneza anayewahi wateja. Yule mwanamke akasema kichwa chake kikubwa cha mti kimepasuka, kisha akamuuliza jioni huwa ana shughuli gani. Akiba hakuwa na shughuli. Akaenda, akavikwa, akakaa. Zilikuwa siku za mvua na kofia zilichelewa kukauka. Mvua zilipokatika walikuwa wameshachumbiana.

Akiba hakusoma, hata kidogo. Lakini kile kichwa kilizunguka dunia na mwenye nacho amekaa dirishani. Kofia zilitoka kwa waigizaji, kwa wapiga picha, kwa mahoteli, kwa wazee waliorithi masanduku ya babu zao. Kila alipomvika, mkewe alimpa na habari zake. Hii ya manyoya yenye masikio ni ya nchi za theluji, huko mtu akivua ovyo nywele zinabaki ndani. Hii pana iliyochongoka ni ya wakulima wa mpunga, ni mwavuli usiohitaji mkono. Hiki kilemba ukikifungua kinafika kisimani na kurudi. Hii nyeusi ndefu kama bomba walivaa mabwana wa zamani, na ndani walificha chakula cha mchana. Hii ya pembe tatu ni ya askari wa kale. Pembe ya nne waliisahau vitani. Na hii yenye ndege wa kitambaa na matunda ni ya mabibi wa enzi hizo, waliokuwa wakitembea na bustani kichwani na nyumbani hawana hata mchicha.

Mengi aliyatia chumvi. Akiba alijua, akayala hivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba kila kofia ilimkalisha kivyake. Ndani ya tarbushi alikaa wima na kudai sahani ya kikombe. Ndani ya kofia ya pama alipanua miguu akatafuta ng'ombe. Siku aliyokaushiwa kofia ya hakimu alimhukumu paka, na paka akakata rufaa kwa Mama Vichwa, akashinda.

Mwenyewe Mama Vichwa hakuvaa kofia maishani mwake. Kichwa chake kilikuwa kidogo, kila kofia ilimshuka hadi mdomoni, na kunyamaza hakukuwezekana.

Sasa alikuwa amenyamaza, na nyumba imejaa kofia za watu. Zilikuwa juu ya vichwa vya mti, juu ya mtungi, juu ya masufuria, nyingine juu ya nguzo za kitanda alicholazwa. Wenye kofia walikuja kutoa pole. Walikaa, wakashika tama, jicho moja kwa mfiwa na jingine kwenye mtungi. Hakuna aliyethubutu kudai. Shemeji akachoka kuwatazama, akaanza kuwagawia mwenyewe. Nao kwa kuogopa kutoka na kofia mkononi kama wezi, wakazivaa. Haukupita muda, msiba ulikuwa na bawabu wa hoteli, baharia, majenerali wa maigizo na mpishi mwenye kofia nyeupe inayogusa dari. Mpita njia mmoja alichungulia dirishani, akauliza tiketi zinakatwa wapi.

Mkuu wa bendi akafika kichwa wazi, upara unang'aa. Alisema bendi yake itamsindikiza marehemu, maana hakuna kofia ya bendi ambayo hakuitia sindano. Ila kuna tatizo dogo. Akalitazama tatizo hilo juu ya kichwa cha Akiba.

"Mzee wangu, bila hiyo kofia vijana hawapigi."

Akaeleza kwamba wa mistari ya nyuma hawaioni mikono yake. Miaka yote wamezoea kufuata manyoya. Yakishuka wanashuka, yakipanda wanapanda.

"Haijakauka," alisema Akiba.

Mkuu wa bendi akaomba ruhusa, akaipapasa, akasema mbona kavu kabisa.

"Umepapasa. Hujasikia." Akiba akavuta pumzi. "Bwana mkubwa, hii ndiyo kazi yake ya mwisho. Nikikosea ikakaa upande, watu watasema fundi alizeeka, mkono ukamwachia. Unataka waseme hivyo?"

Mkuu wa bendi alikuna upara, akasema hapana, hataki. Wakakata shauri hapo hapo. Kofia itakwenda na Akiba, na bendi itakwenda na kofia.

Hivyo ndivyo mchukuzi wa magunia alivyoongoza bendi barabarani kumzika mkewe. Alitembea ameinua kidevu, macho mbele. Kando yake mkuu wa bendi alipunga mikono kwa nguvu zote, hakuna aliyemtazama. Akiba alipokanyaga shimo, tarumbeta zote ziliruka. Aliposimama kumpisha mbuzi, wimbo ulisimama, mbuzi akapita kimya kimya, wimbo ukaendelea. Jeneza lilipobadilishwa mabega likayumba, kidevu kilimtetemeka, manyoya yakatetemeka, na ngoma zote zikavuma mvumo ambao hakuna aliyewahi kuufanyia mazoezi. Muuza karanga wa njiani alisema wimbo ule hajapata kuusikia. Hata waliokuwa wakiupiga hawakuwahi kuusikia.

Makaburini palikuwa na msimamizi wa mazishi, bwana wa sauti nzito na koti lililopigwa pasi. Aliwataka wanaume wote wavue kofia na kuinamisha vichwa. Zikavuliwa zote: ya bawabu, ya baharia, za majenerali, ile ndefu ya mpishi. Vichwa vikainama. Katikati yao alibaki mmoja tu, wima kama mlingoti, kofia kichwani, kidevu juu.

Msimamizi akasema atangoja. Akangoja. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee ana kiburi, wengine wakasema akili imemruka. Akiba alisikia yote. Mikono yake haikupanda kwenye kamba.

Shemeji akamfinya binti wa marehemu. Binti huyo alikuwa karani wa posta. Mambo ya kofia aliyakimbia tangu utotoni. Aliapa hataolewa na mtu kwa kipimo cha kichwa, na kile kidole cha mama yake alikuwa akikiigiza mbele ya wenzake wakacheka mpaka machozi. Akasogea kwa baba yake. Kila mtu alijua anakwenda kumfungua kamba.

Akainua mkono, akagonga kofia kwa ukucha wa kidole cha kati. Akategesha sikio. Hakuwahi kufundishwa cha kusikiliza, na alichosikia ni pumzi za baba yake tu. Akamgeukia msimamizi.

"Bado," alisema. Akamgeukia na mzee. "Bado, baba."

Msimamizi, asielewe hili wala lile, alikohoa, akaendelea na mazishi.

Binti akabaki pale nyumbani baada ya msiba. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani, alimgonga baba yake na kusikiliza, akasema bado. Mzee alilala amekaa. Majirani walizoea, hata paka akazoea. Kisha ikaja asubuhi moja ya jua kali. Binti akagonga, akataka kusema lile lile, akasita. Akagonga tena. Uso ukambadilika.

"Haya, baba," alisema taratibu. "Vua."

Vidole vya mzee havikuweza fundo. Binti akamfungulia, akaiweka kofia mezani. Ilisimama yenyewe, imenyooka, haikuelemea upande wowote. Kichwa cha Akiba kilionekana kidogo kama yai lililomenywa, na upepo wa dirishani ukapita juu yake, akashtuka.

Mkuu wa bendi alikuja kuichukua. Aliizungusha kote kote akitafuta kasoro, hakuiona. Mlangoni akageuka. Akasema kuna jambo moja linamkera. Kutovua ameelewa. Lakini pale kaburini hata kuinama kidogo, mzee, kwa nini ilishindikana? Kwani marehemu aliagiza nini asubuhi ile?

Akiba alitazama mlango wa chumbani. Akasema aliagiza wakati anafunga kamba, naye akayarudia maneno yake kama alivyoyasikia, bila kuongeza wala kupunguza:

"Usiinamishe kichwa, baba, utaniharibia kazi. Kaa hivyo hivyo. Nikiamka nitakuja kukusikiliza."