Gongo Niliyoinywesha Gari Siku ya Posa

Jamani, hii habari huwa siipendi hata kidogo, kila nikianza kuisimulia aibu inanipanda kuanzia shingoni mpaka masikioni, lakini kwa kuwa shangazi yangu Hyasinta ameshaitangaza kuanzia Litembo mpaka hapa mjini (na kila akiisimulia anaongeza chumvi, juzi nimesikia eti nilikuwa naimba), bora niwape mimi mwenyewe, mjue ukweli ulivyokuwa, halafu mnicheke mara moja yaishe.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi, hapa hapa Mbinga. Pombe sinywi, na si kwamba nimeacha, sijawahi hata kuionja, na kwenye jumuiya yetu mimi ndiye ninayepewa nafasi ya kuwasema walevi, na huwa nawasema kweli kweli, bila huruma, mpaka wengine wanatoka nje kujifanya wanapokea simu. Hilo mlijue kwanza.

Sasa mpwa wangu Gaudensi, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe tangu yuko darasa la pili, alipata mchumba huko ziwani, kijiji kimoja mbele kidogo ya Mbamba Bay. Binti anaitwa Violeti, mtoto mzuri, mwenye adabu, ila baba yake, Mzee Erasto, ni Mwanglikana aliyenyooka kama rula, na ugonjwa wake mkubwa ni walevi. Kabla yetu walishakwenda watu wengine kumposa huyo huyo Violeti, mshenga wao akafika ananukia pombe, mzee akawarudisha pale pale mlangoni hata maji hawakunywa. Kwa hiyo Violeti akatupigia simu mapema kututahadharisha: "Mjomba, baba akisikia harufu tu, hakuna mjadala, na hakuna kuja mara ya pili." Gaudensi akacheka, akasema, "Kwa hilo si tuna mjomba?" Mshenga nikawa mimi, kifua mbele.

Tatizo lilikuwa kigari changu. Kilikuwa kimekosa sailensi, yaani ukisimama bila kukanyaga mafuta injini inatetemeka, inakohoa, wakati mwingine inazima kabisa katikati ya watu. Nikampelekea fundi wangu, akafungua boneti, akachungulia, akasema koo la injini, pale hewa inapoingilia (wao wanaita throto), limejaa masizi. "Niachie Jumatatu nilisafishe taratibu," akasema. Nikamwambia posa ni Jumamosi. Akasema, "Basi nenda nalo hivyo hivyo, litakusumbua kidogo tu ukisimama, litakufikisha. Ila mwalimu, usiliguse."

Mtu kama mimi ukimwambia usiguse ni kama umemtuma. Mimi nafundisha sayansi bwana, nakwendaje ukweni na gari linalokohoa kama mzee wa kiko? Ijumaa nikitoka shule nikakaa uani na simu, nikatazama video ya mtu anasafisha throto dakika saba tu, anafungua mpira wa hewa, anapuliza dawa ya kopo, anafuta, anarudisha, kwisha. Nikasema kumbe ndiyo kazi hii mafundi wanakulia hela zetu!

Nikaenda dukani kutafuta dawa ya kopo, imekwisha. Duka la pili, imekwisha, mpaka mzigo uje kutoka Songea. Hapo ndipo akili ya sayansi ikanidanganya. Nikajiuliza, dawa yenyewe kazi yake ni nini? Kuyeyusha uchafu na kukauka haraka. Na kitu gani kinayeyusha uchafu na kukauka haraka? Spiriti. Na spiriti kali kuliko zote iko wapi? Iko nyuma ya nyumba yangu, kwa jirani yangu Mama Keti, anayepika gongo, mama yule yule niliyemsema kwenye jumuiya wiki mbili kabla.

Nikaingia kwake kwa mlango wa uani, sauti ya chini. "Mama Keti, naomba chupa moja, ile kali kabisa. Si ya kunywa. Ni ya gari."

Akaniangalia, akaangalia huku na huku, akasema, "Ndiyo mwalimu, ya gari," halafu akanikonyeza. "Wengine huwa wanasema ya kuchua magoti."

Basi nikafunga mlango wa uani, nikafungua mpira wa hewa, nikamimina gongo kwenye lile koo, nikasugua kwa mswaki na singilendi kuukuu, na nisiwafiche, masizi yalitoka! Maji meusi tii. Nilijisikia kama daktari bingwa. Chupa yenyewe, ikiwa bado na nusu, nikaisimamisha kwenye pembe pale karibu na betri, chini ya kioo cha mbele, ili iwe karibu na mkono. Wakati wa kurudisha mpira wa hewa, bisibisi ikaniponyoka ikadondokea huko ndani chini ya injini, nikasema aah, hiki kibano nitakikaza kwa vidole tu, inatosha. Mke wangu akaniita ugali umeiva. Nikafunga boneti nikaenda kula. (Mmeshaona? Mimi mwenyewe sikuona.)

Asubuhi nikawasha, gari likaitika vuuuum! Halitetemeki, halizimi, ila linavuma kama lori linalopanda mlima, halafu linashuka, halafu linapanda tena, vuuum, vuuum. Gaudensi akauliza, "Mjomba, hii ndiyo kawaida?" Nikamwambia limepata afya, lilikuwa limezoea kubanwa pumzi.

Tukapanda watatu. Mimi na Gaudensi mbele, shangazi Hyasinta nyuma na kapu lake la zawadi na kitenge kipya, ameshuka na bodaboda kutoka Litembo alfajiri kwa ajili hiyo tu. Barabara ni lami, haina shida, shida ni kwamba kutoka huku kwetu kwenda ziwani ni kushuka, kona juu ya kona, na gari langu ni otomatiki, sasa otomatiki ikiwa inavuma yenyewe hivyo haitaki kupungua, mimi nakanyaga breki na lenyewe linasukuma, tukawa tunashindana. Kila kona shangazi anataja mtakatifu wake. Katikati ya mteremko, kona moja kali sana, nikasikia kitu kimeanguka huko mbele, kong', nikajua jiwe. Baada ya dakika mbili ikaja harufu. Inaingia kwa matundu ya feni, ya moto, kali, inachoma pua.

Shangazi akauliza pole pole, "Osmundi, mwanangu, umekunywa?"

"Shangazi! Mimi?"

"Nauliza tu. Kwa sababu kuna mtu humu ndani amekunywa, na mimi sijanywa."

Gaudensi akainama kuninusa mdomo, mtoto niliyemlea mwenyewe, ananinusa! Nikaapa, nikafungua vioo vyote, upepo ukaingia ukapeperusha kilemba cha shangazi, harufu iko pale pale. Sasa ndipo nikaikumbuka ile chupa. Nikasema nisimame niitoe, lakini nikiangalia saa tumeshachelewa, na Mzee Erasto ni mtu wa saa, nikasema tukifika nitasimama mbali kidogo, nifungue boneti kimya kimya, nitupe chupa, tujipepee, tuingie safi. Mpango mzuri kabisa.

Wapi! Kufika tu, kumbe wametoka wote kutupokea. Njia ya mchanga inaingia moja kwa moja uani, kina mama wamejipanga na khanga zao, ziwa linang'aa huko nyuma yao, na Mzee Erasto mwenyewe, shati jeupe, anatembea kuja upande wa mlango wangu. Nikakanyaga breki gari likasimama, linavuma. Sasa niambieni, mtu mzima anakuja kwako kwa miguu, mkwe, wewe umekaa kwenye kiti ndani ya gari unamsubiri? Haiwezekani. Utamwamkiaje umekaa? Kwa haraka ya adabu nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja nje, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo baba!"

Gia iko D.

Gari lingekuwa zima lingetambaa tu kidogo. Lakini lile lililokunywa gongo likaruka. Mimi mguu mmoja ndani, mmoja unaruka ruka kwenye mchanga, mkono umeshika usukani, nampita Mzee Erasto huku bado nimeinamisha kichwa, na yeye, kwa mazoea tu, akajibu "Marahaba" huku akigeuza shingo kunifuata kwa macho. Kina mama wakatawanyika. Mbele kulikuwa na chanja za kukaushia usipa, tatu, zimejaa dagaa wao wa ziwani wa siku mbili, tukaivaa ya kwanza, tukaivaa ya pili, ya tatu ndiyo ikatuzuia, gari likazima. Usipa wakawa juu ya boneti, kwenye wipa, kwenye kapu la shangazi, na mmoja nilimkuta baadaye kwenye mfuko wa shati.

Nilitamani mchanga ule unimeze na viatu vyangu.

Mzee Erasto akaja taratibu. Akasimama hatua mbili kutoka kwangu, pua ikacheza. Akamwangalia mke wake. "Wamekuja tena wale wale," akasema.

"Baba, mimi sinywi," nikasema.

"Naona."

"Ni gari, baba. Nililisafishia injini. Gongo iko kwenye injini."

Kuna kaka mtu pale akaangua kicheko, akasema katika maisha yake amesikia sababu nyingi za walevi, ila hii ya injini ni mpya. Nikamwona Violeti mlangoni, ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamlenga. Nikamwona Gaudensi, kijana mrefu vile, amekuwa mdogo kama siku ile niliyokwenda kumchukua kwenye msiba wa mama yake. Hapo sasa aibu yangu ikaniisha, ikabaki kuniuma roho tu, kwa sababu nilijua nimemharibia mtoto wa dada yangu maisha kwa mswaki na chupa ya gongo. Nikapiga magoti kwenye usipa. Nikasema, "Baba, nifukuze mimi. Huyu kijana hana kosa, hata kulala hajalala kwa kuiogopa siku ya leo."

Mzee akaenda mbele ya gari, akakung'uta samaki, akafungua boneti. (Sikujua kwamba yule mzee amekula ujana wake wote kwenye injini za boti.) Akaitoa chupa, imelala ubavu, kizibo hakipo, ndani tone tu. Watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja, nikajua tumekwisha. Lakini yeye hakugeuka. Akaushika ule mpira wa hewa, ukachomoka wenyewe mkononi mwake. Akaingiza kidole kwenye koo la injini, akakitoa, akakitazama, akakinusa, akachungulia tena kwa muda mrefu. Halafu akaomba bisibisi, akarudisha mpira, akakaza kile kibano nilichokikaza kwa vidole, akamwambia Gaudensi awashe.

Likawaka. Likatulia. Jamani, lilinguruma taratibu kama paka wa jikoni, sijawahi kulisikia hivyo tangu nilinunue.

Mzee akafuta mikono yake, akageukia watu wake. "Huyu anasema kweli," akasema. "Kasafisha, na kasafisha vizuri. Na mlevi hawezi kumimina gongo kwenye chuma, roho itamtoka. Huyu si mlevi."

Nikashusha pumzi. Shangazi akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Huyu ni mjuaji," mzee akaendelea. "Na mlevi nimeshaona akiacha. Mjuaji sijaona." Akamshika Gaudensi bega. "Kijana karibu ndani. Mama karibu. Tutaongea. Ila mshenga mtubadilishie."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Shangazi Hyasinta akafunga kilemba upya, akaingia ndani kuwa mshenga, hotuba yangu niliyoikariri wiki nzima kwenye kioo ikabaki kifuani, na mimi nikabaki uani na bibi yake Violeti, kikongwe mcheshi, tunaokota usipa kwenye mchanga na kupepeta kwa ungo. Tulipepeta saa mbili nzima. Shingo iliniuma, jua linachoma, nasikia huko ndani wanacheka, na sijui wanacheka nini, ingawa najua. Na siku hiyo hiyo nikaapa mbele ya samaki wale kwamba mtu akiniambia usiguse, mikono naiweka mfukoni, hata kama nimesoma, hata kama nimeona video mara kumi.

Mara vigelegele vikalipuka ndani. Wamekubali! Machozi yakanitoka pale pale, nikayafuta kwa mkono wenye magamba, yakazidi. Bibi akaacha kupepeta, akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Na wewe baba, ni nani wake bwana harusi?"

Nikainamia ungo. "Mimi ni dereva tu, bibi," nikamwambia.

"Ahaa," akasema, akanisogezea fungu lingine la usipa. "Basi ukirudi, mwambie huyo mwenye gari amtafute dereva mwingine."