Uso wa Direkta Kwenye Vikwembe Vinane

Nianze na ujinga wangu, usije ukausikia kwa majirani: ni miye niliyeuweka uso wa direkta wa kiwanda cha sabuni kwenye matako ya wamama wanane. Matako ya mama yangu mzazi yakiwemo.

Nilikuwa nataka moja tu.

Kiwanda hicho cha kando ya ziwa kililala nikiwa bado shule ya msingi. Mama alikuwa akifunga sabuni mle ndani. Siku mashine kubwa ilipokufa, wafanyakazi waliambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa. Mama akangoja. Alingoja akishona nguo kwenye baraza sokoni, na kila asubuhi mtu wa kodi anapita, anamkatia karatasi yake, awe ameshona au hakushona. Mwaka huu redio ikatangaza kwamba Leta, yaani serikali, imetoa pesa ya kukiokoa kiwanda. Mama alifua bluzi yake ya kazi, akaipiga pasi, akaitundika kwenye msumari.

Pesa ya Leta inatoka wapi? Mwalimu wetu anasema inatoka kwa wananchi. Basi ilitoka kwa mama, karatasi moja moja. Lakini mashine mpya hatukuiona ikipita barabarani. Yalipita mahema meupe. Vikapita viti vilivyovalishwa kama bibi arusi, na bia kutoka Bujumbura, na mbuzi wa Katogota wakilia juu ya lori. Katika mambo yote yale, mbuzi peke yao ndio walioelewa kinachoendelea. Mwisho vikaja vikwembe, vitenge vya sherehe. Kila kikwembe kilichapwa uso wa direkta, mviringo kama sahani ya bugali, anacheka, na chini yake: KIWANDA KIMEFUFUKA. Hata Yesu alifufuka bila kuchapisha vikwembe.

Mama alipewa kazi ya kushona sketi za wamama watakaocheza mbele ya wageni, wote wafanyakazi wa zamani, naye akiwa mmoja wao. Tena waliahidiwa kwamba siku hiyo itasomwa liste, orodha ya watakaorudi kazini. Kwa hiyo hakuna aliyekataa kucheza.

"Uso ukae mbele, kwenye paja," mama aliniambia, akiniachia chaki na makasi akaenda kumwogesha mtoto wa dada yangu. "Weye nakujua. Mbele!"

"Ndiyo, mama."

Sasa, kati ya wale wanane kuna jirani yetu, zamani alikuwa mkubwa wa mama kule kiwandani, ambaye akitembea, nyuma yake inapiga ngoma yake peke yake. Nikasema direkta naye afaidi hiyo safari. Nikachora sketi moja, uso nyuma, nikakata. Makasi yalikuwa mazito, nikadhani ni kutu. Kumbe mama alikuwa amekunja vikwembe vyote pamoja, tabaka nane, ili vikatwe mara moja.

Aliporudi aliinua sketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kibao alichonipiga kilinifanya nisikie kengele ya kanisa siku isiyo na misa.

"Sherehe iko kesho na kikwembe kingine hakuna! Umeniondoa kwenye liste na makasi yangu mwenyewe!"

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu, chenye uso mmoja, akakitupa kikapuni. Kisha akakaa kwenye mashini akashona, kwa sababu angefanya nini? Wamama walipokuja kujaribu, jirani akajigeuza-geuza: "Sasa huyu anafanya nini huku nyuma?"

Mama hakupepesa jicho. "Ni mode ya Kinshasa."

Sherehe ilifanyika hotelini ufukweni, upande ambao ziwa halijala bado. Sisi tusio na mwaliko tulikaa juu ya ukuta. Wamama walicheza wakiangalia mbele, na kila kitu kilikuwa sawa, mpaka mwenye mikrofoni akapaza sauti: "Wamama, geukeni!"

Wakageuka. Madirekta wanane wakaanza kutikisika. Mgeni mmoja alijimwagia bia kwenye tai. Direkta mwenyewe alipiga makofi. Alikuwa anaangalia kamera.

Halafu akahutubia. Alishukuru Leta, alishukuru wapishi, alishukuru orkestra. Akainua gilasi. Mama, bado anahema, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Bwana Direkta, na liste?"

"Liste gani, mama?"

"Ya wenye kurudi kazini."

Akacheka, kicheko kilekile cha kwenye kikwembe. "Mama, pole pole! Kwanza kiwanda kionekane. Mashine tutanunua Leta ikitusaidia tena. Muziki!"

Muziki ukaanza. Hakuna mama aliyesogea. Mama aliangalia ile meza ya nyama, akaangalia wenzake, akasema bila kupaza sauti:

"Wamama, tukae."

Wakamgeuzia direkta mgongo, wakakaa. Chini, kwenye nyasi yenye matope ya ziwa, wote wanane, pole pole, wakijisawazisha kulia na kushoto kama kuku anayetafuta nafasi juu ya mayai. Jirani yetu ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Hapo ndipo direkta alipoacha kamera akaangalia vizuri, na nilimwona akijitambua.

Walinzi waliwatoa kwa mlango wa jikoni. Waliinuka na matope kwenye uso wake, mara nane.

Mama akashika njia. Nilitembea nyuma yake nikingoja kibao cha pili. Nyumbani alitoa bluzi ya kazi kwenye msumari, akaikunja ndogo, akaisukuma chini kabisa ya sanduku. Mtoto wa dada alikuwa analia, amelowa. Mama akachukua kile kipande kikapuni, direkta bado anacheka, akanitupia pamoja na makasi.

"Mukatie mutoto kitambaa cha kumufunga matakoni. Na leo ukate vizuri: uso uangalie ndani."