Jembe la Baba na Mlango wa Ombui

Baba yangu, Manasseh Okemwa wa Birongo, kazi yake ilikuwa kuosha vizimba vya panya. Mkitaka kucheka, chekeni mmalize, mimi nimeshazoea. Miaka ya sitini, wanaume wenzake walirudi likizo kutoka Nairobi na kofia na baiskeli. Yeye alirudi na hadithi za panya.

Aliajiriwa katika maabara ya daktari mmoja Mzungu aliyetaka kujua kwa nini kiumbe akishaonja kitu fulani hawezi tena kukiacha. Kila panya alikaa peke yake katika kizimba chembamba. Ndani mlikuwa na kidude cha kubonyeza, baba alikiita pedali. Panya akibonyeza, tone la maji yenye mofini, dawa ya kulevya, linadondoka, analamba. Daktari alimweleza baba kwamba ndani ya ubongo kuna mahali pa raha, na dawa ikishapagusa mahali hapo, mnyama anasahau njaa, anasahau usingizi, anasahau na wenzake.

Panya jike mmoja aliwashinda wote kwa kubonyeza. Baba akampa jina la mama yangu, Nyaboke, eti kwa sababu wote wawili hawajui kupumzika. Mama alipopata habari hizo hakumpikia chai likizo nzima.

Nyaboke wa kizimbani alizaa watoto saba. Daktari akatia umeme kidogo kwenye sakafu, kati ya kiota na pedali, aone kama atavuka. Akavuka. Miguu inatetemeka, anavuka, analamba, anavuka tena. Watoto hakuwarudia, wakafa kwa baridi.

Halafu kulikuwa na kosa lake. Wiki moja vizimba vilikuwa vinapakwa rangi, naye hakuwa na pa kuwaweka panya wale. Akachukua sanduku kubwa la chai, akatandika majani makavu ya ndizi, akawatia wote pamoja, na chupa mbili za maji: moja ya mofini, moja ya kawaida. Siku ya nne akaona chupa ya mofini haijapungua sana. Panya walikuwa wanakimbizana, wanalaliana, wanapigania majani. Alimwita daktari kwa furaha. Daktari akafoka, "Umeniharibia kazi!" akachana karatasi za wiki ile. Baba aliomba msamaha, lakini aliyoyaona aliyaweka moyoni.

Mwaka wa sabini na mbili maabara ilifungwa, akarudi nyumbani kwenye chai yake na migomba yake. Akamkuta kaka yangu Ombui ameshaingia kizimbani.

Ombui alianza na chang'aa ya harusi, akaendelea na ya matanga, mwishowe hakuhitaji sababu. Mkewe Drusilla alivumilia miaka mitatu, kisha akawachukua watoto akaenda kwao Nyamarambe. Kanisa likalifuta jina la Ombui. Mimi mwenyewe, niliyeolewa Sironga, nilimwambia asikanyage kwangu, watoto wangu wasije wakamwona akitapika uani. Nilisema hivyo, na sitaki mtu anifichie. Basi akajifungia ndani ya nyumba yake, nyuma ya migomba ya baba, yeye na chupa yake.

"Mmemtenga," baba alituambia. "Mmemfanyia kizimba, halafu mnashangaa anabonyeza."

"Tumemhubiria, Tata!" nikajibu. "Mama ameingia mara ngapi? Mimi nimeingia mara ngapi?"

"Mnaingia kumgombeza, mnatoka. Panya haachi kwa mahubiri, Loice. Anataka mtu wa kukaa naye."

Nikamuuliza kwa hasira, "Basi mbona wewe huendi kukaa naye?"

Mama akanikodolea macho. Lo, nilitamani ulimi wangu ukatike. Maana sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kuoa. Mama na dada wanaruhusiwa, lakini baba haingii nyumba ya mwanawe. Haingii kula, haingii kumtazama mgonjwa, haingii hata mvua ya mawe ikimkuta mlangoni. Atasimama uani aite, na mwana atatoka. Baba alikuwa Msabato, alisoma Biblia kila asubuhi, na aliweza kukwambia kwamba hayo ni mambo ya wazee wa zamani. Lakini akifika kwenye kizingiti cha Ombui miguu inakataa. Nilimwona kwa macho yangu. Mtu anayejua dawa amesimama hatua mbili kutoka kwa mgonjwa, na hawezi kumfikia. Alilia, mzee wa watu, akijifanya anafukuza kuku.

Mwezi wa nne, mwaka wa sabini na nne, Ombui alifunga mlango kwa gogo kutoka ndani. Mama aliweka ugali wa wimbi mlangoni, kuku wakaula. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Tulisikia tu akikohoa, na kikohozi chenyewe kilizidi kuwa chembamba. Kaka yetu mwingine, Nyasani, alikuwa Kericho, hata barua haijamfikia. Nilikuja nikagonga nikachoka.

Jumamosi, baada ya ibada, mzee wa kanisa Alfayo alipita kutupa pole. Akatazama mlango ule akatikisa kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema.

Baba alikwenda nyuma ya jiko akarudi na jembe.

"Mzee Manasseh! Leo ni Sabato!" Alfayo akapiga kelele.

"Nenda ukanishtaki kwa mwenye Sabato," baba akasema, akaupiga ukuta.

Udongo ulianguka mapande mapande. Mama alijifunika uso kwa kanga. Mimi nilisimama pale kama mjinga, nataka aendelee, nataka aache. Fito zikaonekana, akazikata. Tundu likawa kubwa kiasi cha kupitisha mtu. Ndani kulinuka chang'aa na mkojo. Baba akaweka jembe chini, akainua mguu wa kulia, ukabaki hewani, unatetemeka.

Ndipo tukasikia sauti, hafifu, sauti ya mtu ambaye hajasema na mtu siku nyingi.

"Tata, usiingie!"

Baba akaganda.

"Tata, nakuomba. Usiingie humu. Natoka mimi."

Tulisikia gogo likiburutwa, likianguka, likiburutwa tena. Mlango ukafunguka. Ombui alitoka akitambaa, amejifunga gunia kiunoni, mbavu zote nje, uso ameuelekeza chini ili baba asiuone.

"Nimetoka," akasema. "Rudisha mguu, Tata."

Pombe ilikuwa imekula mke, watoto, kanisa na nyama yote mwilini mwake. Haya mbele ya baba haikuila. Baba alikaa chini kwenye udongo wa ukuta, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwanawe, bila kumgusa, akalia waziwazi. "Wa kwangu hawakutoka hata mmoja," alisema. Mimi na mama tu ndio tuliojua kwamba anawasema panya wake wa vizimbani.

Baadaye alijenga kibanda kati ya nyumba zao mbili, paa tupu bila kuta, kisichohesabika kuwa nyumba ya mtu. Akatandika majani makavu ya ndizi. Hapo walikaa kila siku wakipukuchua mahindi, na majirani wakavutwa na mazungumzo, hata Alfayo. Ombui hakupona kama wanavyopona watu wa ushuhuda kanisani. Alirudia mara mbili. Kila alipofunga mlango baba alichukua jembe, akasimama ukutani, akakohoa. Na kila mara Ombui alitoka.

Mwaka jana tulimzika baba. Ombui alichimba kaburi mwenyewe, hajaonja tone.

Leo nimeitwa kutoka Sironga: Ombui amefunga tena mlango kwa gogo, siku ya nne sasa. Nimelichukua jembe la baba, nimesimama mahali pale pale aliposimama. Nimekohoa. Nimeupiga ukuta mpaka fito zimeonekana, nikamwambia, "Ombui, naingia!"

"Ingia, dada," amenijibu.

Mimi naruhusiwa kuingia. Ndiyo maana hatoki.