Ndugu Yangu Aliwaonyesha Majangili Kambi ya Mume Wangu

Admin, nifichie jina tafadhali, mume wangu pia husoma hapa.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nauza mitumba, tunaishi Migosi. Mume wangu ni askari wa wanyamapori. Yeye na wenzake hulinda nzohe, wale swala wa kwenye mafunjo kando ya ziwa, ambao wamebaki wachache sana.

Kazi yao ni ngumu. Wanalala kwenye matope, viatu vimetoboka. Ndiyo maana mimi na akina mama wa kanisa letu tukaanza kuwatumia gambuti za mpira, tochi na chakula. Mbebaji alikuwa ndugu yangu mdogo, ana pikipiki. Baba alipofariki nilimlea mimi, nikamsomesha. Nilimwamini mpaka nikawa namwambia leo peleka kambi hii, kesho wamehamia ile.

Mwezi uliopita majangili waliwavamia. Mume wangu alikatwa panga mkononi, na nzohe jike mwenye mimba akachinjwa palepale. Nilipomfikia hospitali Kombewa, aliniuliza polepole, "Mama, tulihama asubuhi hiyo tu. Nani aliwaambia?"

Alikuwa amenipigia simu walipohama. Mimi nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu.

Nilimkuta ndugu yangu akiosha pikipiki. Nilipomuuliza, hakukana. "Walisema wanataka nyama tu, dada. Waliniahidi hawatagusa mtu."

"Na ulipoona wamemgusa shemeji yako?"

Akaendelea kuosha.

Nikampigia mama yetu huko Bondo nikilia. Kumbe alikuwa anajua. "Hiyo nyama alituletea hata sisi, tukakula," akasema. "Ukimpeleka polisi, siku nikifa usikuje kunizika."

Hapo ndipo nilipovunjika kabisa. Mama anamjua mume wangu. Yeye ndiye aliyemjengea mama jiko lake.

Sasa mume wangu ametoka hospitali. Mkono haukunjiki vizuri lakini anataka kurudi kazini. Akina mama wa kanisa wamekusanya mzigo mwingine na wananiuliza ndugu yangu atakuja lini kuuchukua. Na jana mume wangu aliniambia, "Mwite shemeji aje tule pamoja. Tangu niumie sijamwona, au anaogopa damu?"

Nikisema, nimempoteza mama. Nikinyamaza, hao watu watarudi, na safari hii wanaweza kuua. Chakula cha Jumapili nimeshaahidi. Niambieni ukweli hata kama utaniuma: nimwite ndugu yangu mezani, au niende polisi kwanza?